Tusafishe Meno Kabla ya Kuyang'oa



Huku kwetu pwani mwanya ni sifa. Msichana mwenye mwanya katikati ya meno mawili ya mbele husifiwa tangu utotoni mpaka anaolewa. Pengo nalo tunalifahamu: ni mahali jino lilipong'oka, na watoto wa darasa la kwanza hutaniana kwa mapengo yao mpaka meno mapya yaote. Lakini ipo nafasi ya tatu ambayo haisifiwi wala haitaniwi, kwa sababu wengi wetu hatuitambui mpaka imekuwa kubwa. Ni nafasi ndogo nyeusi, yenye umbo la pembetatu, inayotokea kati ya jino na jino pale karibu na ufizi. Meno yenyewe bado yanagusana kuelekea nchani, ila shingoni mwake pamefunguka. Katika makala haya tutaiita kidirisha.

Tunaandika juu ya kidirisha hiki kwa sababu kinawagharimu watu meno yao bila ulazima. Wapo wanaokiona wakasema ni uzee umeingia. Wapo wanaosema ni upungufu wa vitamini. Wengine hukichokoa kwa njiti kila baada ya mlo mpaka kinazidi kupanuka. Na wengi, jino linapoanza kucheza, huenda hospitali wakiwa na ombi moja tu: "Daktari, ling'oe." Maoni yetu ni kwamba kidirisha ni taarifa kuwa ufizi umepungua, na mara nyingi mfupa ulio chini yake pia. Tiba yake ya kwanza ni kusafishwa meno na ufizi. Koleo la kung'olea lije mwisho kabisa, baada ya mengine yote kushindikana.

Kidirisha kinatokeaje?

Jino halikushikiliwa na ufizi peke yake. Mzizi wake umezama ndani ya mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi ndogo ndogo zinazolishika jino kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Ufizi hufunika mfupa huo, na kati ya jino na jino hupanda ncha ndogo ya ufizi yenye rangi ya waridi au hudhurungi, ikajaza nafasi yote. Ncha hiyo hukaa juu ya mfupa. Mfupa ukishuka, ncha hukosa cha kuegemea, nayo hushuka. Hapo ndipo kidirisha hufunguka.

Mwaka 1992 daktari wa meno wa Marekani aitwaye Dennis Tarnow na wenzake walipima umbali kutoka mahali meno mawili yanapogusana hadi kwenye kilele cha mfupa. Umbali ulipokuwa milimita 5 au pungufu, ncha ya ufizi ilijaza nafasi karibu mara zote. Umbali ulipofika milimita 6, ilijaza katika nafasi 56 tu kwa kila 100. Ulipofika milimita 7, ni nafasi 27 tu kwa kila 100. Maana yake ni kwamba kupotea kwa mfupa mdogo kabisa, milimita moja au mbili tu, kunatosha kufungua kidirisha. Kwa hiyo anayekiona leo asidhani kimekuja jana.

Sababu kubwa: ukoga na ugaga

Kila siku meno yetu hupakwa utando laini wa vijidudu. Huo ndio ukoga. Ukiondolewa kwa mswaki hauleti madhara. Ukiachwa, chumvi zilizomo kwenye mate huugandisha, na ndani ya siku chache huanza kuwa mgumu kama chokaa iliyoganda ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Huo mgumu ndio wengi huuita ugaga. Ugaga hauondoki kwa mswaki, hata ukipiga mswaki mchana kutwa. Nao una uso wa kukwaruza unaoshika ukoga mpya, na ukoga huo mpya hukaa umebanana na ufizi.

Ufizi hupambana na vijidudu hivyo kwa kuvimba, kuwa mwekundu na kutoka damu. Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi, wengine baada ya siku 10 hivi, wengine baada ya kama wiki tatu. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Jambo hilo lina habari njema ndani yake: ufizi unaotoka damu, ukiwahiwa, hupona wenyewe bila dawa ya duka.

Usipowahiwa, kwa baadhi ya watu ugonjwa huteremka chini ya ufizi, mfuko hufanyika kati ya jino na ufizi, na mfupa huanza kuliwa polepole. Mara nyingi hakuna maumivu. Hapo ndipo hatari ilipo. Jino lililotoboka hupiga kelele usiku, mgonjwa akakosa usingizi na kukimbilia hospitali asubuhi. Ufizi unaougua hunyamaza miaka kumi, na siku unapozungumza, jino linacheza.

Sababu nyingine ni hizi:

1. Kupiga mswaki kwa nguvu kupita kiasi, au kutumia mswaki mgumu, mkaa, majivu au mchanga. Watu hutaka meno meupe, lakini vitu hivi hukwangua jino na kuusukuma ufizi nyuma.

2. Kuchokonoa meno. Njiti ya kiberiti, kijiti cha fagio na hata pini huchoma ile ncha ya ufizi. Kinachoanza kama kutoa kipande cha nyama huishia kuwa tabia, na ufizi unaochomwa kila siku haupandi tena.

3. Tumbaku ya aina zote: sigara, ugoro na tumbaku inayotafunwa pamoja na tambuu. Sigara ina hila moja zaidi. Hupunguza kutoka damu kwa fizi, hivyo mvutaji hudhani fizi zake ni nzima wakati mfupa unateketea.

4. Ugonjwa wa kisukari. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi, na fizi zinazougua nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mzee ambaye fizi zake zinaharibika upesi, anapata kiu na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari.

5. Kupungua kwa kinga ya mwili na utapiamlo. Upo ugonjwa mkali wa fizi unaokuja kwa siku chache, wenye maumivu makali, harufu mbaya na vidonda vinavyokula ncha za ufizi kati ya meno. Kwa mtoto dhaifu, au kwa mtu mzima ambaye kinga yake imeshuka, hiyo ni dharura. Asisubiri.

6. Umbile na mpangilio wa meno. Wapo watu ambao meno yao ni mapana nchani na membamba shingoni. Wengine walikuwa na meno yaliyobanana, na yaliponyooshwa kwa waya nafasi ikaonekana. Hao wanaweza kuwa na kidirisha bila ugonjwa wowote, mradi ufizi ni imara na hautoki damu.

7. Kung'oa jino la jirani. Jino likiondoka, yale ya kando huanza kuinama kuelekea pengo, na nafasi mpya hufunguka kati ya meno ambayo zamani yalishikana.

Mwanya wa ukubwani si mwanya

Hapa tunapenda kuwaonya hasa akina mama na akina baba waliopita miaka thelathini. Mwanya wa kuzaliwa kwa kawaida haubadiliki ukubwani, na ufizi ulio katikati yake ni imara. Lakini mtu ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yamegusana, kisha ukubwani yakaanza kuachana, huyo hakujaliwa mwanya. Mara nyingi meno yake yanasogea kwa sababu mfupa unaoyashika umepungua. Majirani watamsifu kwamba amependeza. Sisi tunasema apelekwe kwa daktari wa meno mapema, kabla meno hayo hayajaanza kucheza.

Je, ni ukosefu wa vitamini?

Huku kwetu fizi zikitoka damu, neno la kwanza ni "kiseyeye", na ushauri wa kwanza ni kula matunda au kununua vidonge vya vitamini C. Kiseyeye ni ugonjwa wa kweli. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipopita katika pwani ya Afrika Mashariki, wengi wa mabaharia wake walikuwa wakiugua, na fizi zao zilivimba hata zikafunika meno wasiweze kula. Mwanzoni mwa mwaka 1499, waliporudi kutoka India na kutia nanga Malindi, waliwatafutia wagonjwa wao machungwa. Watu wale walikuwa wamekaa baharini miezi bila tunda wala mboga.

Sasa na tujiulize wenyewe. Kiwangwa ni nchi ya mananasi. Anayepita barabara ya Bagamoyo kwenda Msata huyaona yamepangwa kando ya njia, na mtoto wa Kiwangwa hula nanasi kama wengine wanavyokula muhogo. Nanasi lina vitamini C kwa wingi. Kama fizi kutoka damu kungekuwa ni ukosefu wa vitamini tu, Kiwangwa kusingekuwa na mtu hata mmoja wa kutema damu anapopiga mswaki. Anayekula matunda yetu na bado fizi zinatoka damu mara nyingi ana ukoga na ugaga. Vidonge havikwangui ugaga. Pesa ya vidonge ingetosha kuwa nauli ya kwenda kusafishwa.

Nanasi lenyewe tunalisifu kwa chakula, lakini lina asidi. Asidi hulainisha kwa muda ngozi ya nje ya jino. Mtu akila nanasi kisha papo hapo akapiga mswaki kwa nguvu, hukwangua jino lililolainika, na baada ya miaka huonekana mfereji shingoni mwa jino, upande wa nje. Mfereji huo si kidirisha, ingawa vyote viwili huweza kukaa katika jino moja na kuleta ganzi kwa maji baridi. Dawa ni rahisi: ukimaliza kula nanasi, sukutua kwa maji, subiri kama nusu saa, ndipo upige mswaki.

Je, ni uzee?

Hoja hii ndiyo inayotuudhi zaidi, kwa sababu inawafanya watu wakate tamaa. Katika miaka ya 1980 watafiti kutoka Denmark, wakiwemo Vibeke Baelum na Ole Fejerskov, walichunguza vinywa vya watu wazima wa Tanzania, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1986. Wao na wenzao wa Kenya walichunguza pia watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos, na kuchapisha mwaka 1988. Waliona ukoga na ugaga karibu kwa kila mtu. Lakini uharibifu mkubwa wa fizi na mfupa haukuwa kwa wote. Ulikuwa umelundikana kwa sehemu ndogo ya watu, na wengi walikuwa bado na meno yao mengi hata ukubwani.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kuzeeka si sawa na kung'oka meno. Babu zetu wengi walizikwa na meno yao. Pili, wapo miongoni mwetu watu ambao fizi zao ni dhaifu kuliko za wengine, na mara nyingi udhaifu huo hutembea katika ukoo. Kama mama alipoteza meno mapema kwa kucheza, watoto wake wachunguzwe mapema. Hao ndio wanaohitaji kusafishwa mara kwa mara, wala hawapaswi kuambiwa kwamba ndivyo walivyoumbwa.

Matibabu yakoje?

Kwanza, daktari au tabibu wa meno hupima kina cha ile mifuko kati ya jino na ufizi kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita. Mahali penye mashine, hupiga picha ya eksirei kuona mfupa umebaki kiasi gani.

Pili, husafisha. Hukwangua ugaga wote juu ya ufizi na chini yake, kwa vifaa vya mkono au kwa mashine inayotetema. Mifuko ikiwa mirefu, husafisha mizizi yenyewe, mara nyingine kwa ganzi na kwa mahudhurio zaidi ya moja. Dawa za kuua vijidudu hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa tu. Kumeza vidonge peke yake, ugaga ukiwa bado upo, ni kazi bure.

Tatu, hukuita tena baada ya wiki kadhaa kuona ufizi umeitikiaje, na kisha kila baada ya miezi michache kadiri ya hali yako.

Ufizi ukishapona, ndipo huja swali la kidirisha chenyewe. Kidirisha kidogo kinaweza kuachwa, mradi mgonjwa anajua kukisafisha. Cha mbele kinachoonekana kinaweza kupunguzwa kwa kuongezea jino dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, ili meno yagusane karibu zaidi na ufizi. Wengine hurekebishiwa mpangilio kwa waya. Upo pia upasuaji wa ufizi, lakini ni wa wataalamu wachache, una gharama, na kwa nafasi ya kati ya meno matokeo yake hayana uhakika. Lazima tuseme ukweli: mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wote, na ncha ya ufizi iliyopotea mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa. Lengo la tiba ni kuuzuia ugonjwa usiendelee na kulibakiza jino mdomoni.

"Daktari amenitoboa meno"

Sasa tumefika mahali penye ugomvi. Yapo maneno yanayopita vijijini kwamba kusafishwa meno hospitalini kunayalegeza na kuyatenganisha. Maneno haya hayakuzuka hivi hivi. Mtu huenda akiwa na fizi zilizovimba na ugaga mwingi. Uvimbe umejaza nafasi, na ugaga umeziba kidirisha kama udongo ulivyozibwa kati ya fito za nyumba. Anasafishwa. Baada ya wiki mbili uvimbe umenywea, ugaga haupo, na ulimi unapapasa matundu ambayo hakuyajua. Maji baridi yanamchoma. Anarudi nyumbani akisema: "Daktari amenitoboa meno." Majirani watano wanasikia, na wote watano hawaendi.

Ndugu zetu, vidirisha vilikuwepo kabla. Ugonjwa ndio uliovifungua, na ugaga ukavificha. Ufizi ulionywea ni ufizi uliopona. Meno yaliyokuwa yameshikwa na ugaga huweza kuonekana yamelegea kidogo siku za mwanzo, lakini ufizi unapokaza mengi hutulia. Ganzi ya maji baridi nayo kwa kawaida hupungua kwa siku au wiki chache.

Hapo tunawaomba waganga nao watusaidie. Mgonjwa aambiwe kabla ya kusafishwa kwamba nafasi zitaonekana, na kwa nini. Maneno ya dakika mbili kabla ya kazi yanafaa kuliko maelezo ya saa nzima baada ya mtu kukasirika.

Kwa nini tunang'oa?

Tunafahamu hali halisi. Mkulima anayetoka shambani Kiwangwa kwenda hospitali ya wilaya hupoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Kung'oa huisha siku moja. Kusafishwa huhitaji kurudi. Mtu akipiga hesabu ya siku ile, kung'oa ni rahisi. Lakini tuhesabu miaka. Jino likiondoka la jirani huinama, kutafuna huhamia upande mmoja, nyama na mahindi ya kuchoma huwa historia, na meno ya bandia yana bei. Mwenye meno manne yaliyong'olewa kwa miaka minne alisafiri mara nne, na ugonjwa wa fizi bado anao, kwa kuwa hakuna aliyeutibu. Jino ndilo lililoondoka, ugaga ukabaki kwa majirani zake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 juu ya afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Si jambo la Kiwangwa peke yake, wala si aibu ya mtu mmoja. Na nchi yetu si mgeni katika kutafuta njia nyepesi. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wa meno walianza kuziba meno yaliyooza bila umeme na bila mashine: wakakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, wakaziba kwa dawa inayoshikamana na jino lenyewe. Njia hiyo baadaye ilienea katika nchi nyingi. Kukwangua ugaga nako huwezekana kwa vifaa vya mkono, mahali pasipo na umeme. Kinachotakiwa ni mtu aliyefunzwa, vifaa vilivyotakaswa ipasavyo, na nia.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwa wasimamizi wa afya: watabibu wa meno wanapotembelea vijiji na shule, siku hiyo isiwe ya kung'oa tu, na kusafisha kuwe na nafasi yake. Kwa wanaopanga mambo ya bima: tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023 mengi yanazungumzwa, nasi tunaomba kusafishwa kwa fizi kusionekane kuwa urembo. Kwa familia: mkifika mbele ya daktari wa meno, ombi la kwanza lisiwe "ling'oe". Ulizeni, "Je, jino hili linaweza kuokolewa?" Ni swali dogo na ni haki ya kila mgonjwa. Yapo meno yasiyookoleka, na daktari akisema hivyo baada ya kupima, ling'olewe kwa amani. Tunachokataa ni kung'oa bila kupima.

Ya kufanya nyumbani

Pigeni mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikosekane. Tumieni mswaki laini na dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Wekeni brashi pale jino linapokutana na ufizi, mzungushe polepole bila kukandamiza. Mswaki ambao nywele zake zimetawanyika kabla ya miezi mitatu unaonyesha kwamba mkono ni mzito.

Mswaki wa mti wa asili unafaa pia, kama ncha yake imetafunwa vizuri ikawa laini, na kama unapitishwa kwenye meno yote, ya ndani na ya nyuma. Wengi husugua meno ya mbele tu huku wakitembea kwenda shambani.

Kati ya meno, tumieni uzi wa kusafishia meno au brashi ndogo za kati ya meno kwa wale wenye vidirisha. Uzi upitishwe taratibu ukiambaa na jino, usikate ufizi. Njiti za kiberiti na pini tuziache.

Ufizi ukitoka damu, msiache kupiga mswaki mahali hapo. Hapo ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri, nendeni hospitali.

Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili. Anaweza kusafishwa meno akiwa na mimba, ila amweleze tabibu hali yake. Na wazazi wasaidieni watoto kupiga mswaki mpaka wafikishe miaka saba au minane, kwa maana mikono yao bado haijakomaa.

Jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, chukueni kioo na kila mmoja katika familia aangalie fizi zake. Anayeona wekundu, damu, ugaga au kidirisha asifiche, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Apange siku ya kwenda kwa daktari wa meno, na akifika aanze kwa kuomba kusafishwa.